Sita na Tisa

Spika ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya gari. Niliipata kwa shilingi 20,000 kwenye duka dogo karibu na Makoroboi. Muuzaji aliniwekea muziki nisikie besi inavyogonga kifuani, nami nikaona nimepata. Nilikuwa na diploma ya elektroniki, miaka miwili ya kutengeneza simu za watu, na kazi moja mbele yangu: kuongeza sauti ya redio kwenye boti anayoendesha baba yangu, ili yaliyotokea mwezi wa tatu yasitokee tena.

Hayo ya mwezi wa tatu nitayafikia. Kwanza boti yenyewe, maana watu wa Dar ukiwaambia boti wanaona ile ya kwenda Zanzibar yenye viyoyozi na televisheni. Ya kwetu ni ya mbao, ina urefu wa mita kama 14, na katikati ina injini ya dizeli iliyofunikwa na sanduku la mbao lisilozuia kelele yoyote. Ni mali ya wakala wa samaki. Inatoka Mwanza na barafu, inazunguka kambi za wavuvi visiwani, inarudi na sangara wa kupeleka kiwandani. Mabondo yana ndoo yake, na ndoo hiyo wakala huipokea kwa mkono wake mwenyewe. Baba amekaa karibu na injini za namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

Boti nyingi za ziwani hazina redio. Watu wanategemea simu, na simu inasaidia hadi pale minara inapoishia. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hakuna kampuni iliyosimamisha minara ikiwafikiria sangara. Wakala wetu alinunua redio mbili za VHF zilizotumika: moja ya kufunga kwenye boti kubwa, nyingine ya mkononi kwa ajili ya boti ndogo inayoingia kwenye kambi zenye maji mafupi. Redio ya namna hii haihitaji mnara wala vocha. Mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo antena ikiwa juu unasikia mbali zaidi. Chaneli 16, kwenye megahezi 156.8, ndiyo ya kuitana na ya kuomba msaada dunia nzima. Unaweza kuisikiliza ukiwa Mwanza, mwingine akawa anaisikiliza Mombasa au Oslo, kila mmoja kwenye maji yake.

Tatizo ni kwamba spika iliyo ndani ya redio hizo ni ndogo, haizidi mfuniko wa chupa ya chai. Imetengenezwa kwa ajili ya chumba cha usukani chenye milango. Sisi hatuna milango.

Sasa ule usiku. Boti kubwa ilikuwa imetia nanga Kome. Boti ndogo ilikuwa imekwenda kambini, kilomita chache kutoka hapo, ikiwa na vijana watatu, mmoja wao mdogo wangu. Saa tatu usiku mdogo wangu aliita kwenye redio akasema mzigo haujakamilika, wataondoka saa sita, na wakichelewa wafuatwe. Baba akajibu amepata. Halafu akalala, kwa sababu aliona ana muda.

Injini ya boti ndogo ilizima muda mfupi baada ya saa sita. Waliita. Waliita hadi betri ya redio ya mkononi ikaisha. Saa nane ikaja dhoruba, ile ya radi inayozaliwa ziwani usiku wa masika, nao wakawa wanatoa maji kwa ndoo mbili na kofia ya plastiki ya mafuta. Baba aliamka saa tisa, akaanza kuwasubiri. Saa kumi akaanza kuwa na wasiwasi. Kulipopambazuka akang'oa nanga, akawakuta wamesukumwa mbali sana, wamekaa ndani ya maji yaliyowafika mapajani, pamoja na sangara waliokuwa wanaelea humo humo kana kwamba wamerudishiwa ziwa lao.

Hakufa mtu. Mzigo ulipotea. Viganja vya mdogo wangu vilichubuka hadi nyama ikaonekana, na mmoja wa wale vijana alishuka mwaloni siku hiyo na hajapanda chombo chochote tena. Sasa hivi anauza mitumba Buzuruga.

Baba alisema, "Aliniambia saa tisa."

Mdogo wangu alisema, "Nilisema saa sita. Nilisema mara mbili."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na haukuwa ugomvi wa kelele. Mdogo wangu aliacha kula nyumbani. Baba aliacha kumtaja jina, akawa anasema "huyo kijana wa wakala." Mama alijaribu kuwaita wakae, kila mmoja akaja na kiapo chake. Ukikaa katikati ya watu wawili wanaoapa, wote unaowajua hawasemi uongo, unaanza kutafuta wa tatu wa kumlaumu. Wa tatu alikuwa redio. Wakala naye akakubali ni redio. Akanipigia simu: nifunge spika ya nje, gharama atakata kwenye malipo ya Baba.

Kwa hiyo siku ile nilipanda botini na spika yangu ya gari. Wapo wavuvi ambao hadi leo hawapendi mwanamke akanyage chombo chao, na vijana wa boti jirani walinitazama kama vile nimebeba mkosi kwenye mfuko wa Rambo. Baba aliwaambia, "Huyu ni fundi," wakageuka kushughulika na nyavu zao.

Nyuma ya redio kulikuwa na nyaya mbili zilizokunjwa na kufungwa tepu, hazijaguswa tangu kiwandani. Hizo ndizo za spika ya nje. Kitabu chake kilionya kwamba spika isiwe chini ya omu 4, kwa sababu ikiwa chini ya hapo redio inalazimika kusukuma umeme mwingi kuliko uwezo wake. Hilo nililizingatia. Nikakosea kwingine, kosa la mtu aliyejifunzia kwenye redio za magari ya zamani: nilichukua waya mmoja wa redio nikaupeleka kwenye spika, na mguu wa pili wa spika nikaufunga kwenye hasi ya betri. Kimya. Kwenye redio nyingi za siku hizi nyaya zote mbili zinabeba sauti, kila mmoja ukivuta wakati mwenzake anasukuma, na ukigusisha mmoja kwenye hasi unaweza kuunguza kikuza sauti. Yangu ilijikinga tu. Nilizima, nikarekebisha, nikawasha tena nikiwa nimefumba macho.

Kosa langu jingine alilibaini Baba. Nilikuwa nimepigilia spika juu ya usukani, mahali ambapo sauti ingemjia usoni. Yeye akatazama dira, akatazama mlima tunaotumia kama alama, akatazama dira tena.

"Mama," akasema, "umehamisha kaskazini."

Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, mama. Nyuma ya kila spika kuna sumaku, na yangu ilikuwa inaivuta dira. Niliisogeza kidogo kidogo hadi dira ikatulia, zaidi ya mita moja kutoka pale. Nikafunga upya, nikampa kijana wa boti redio ya mkononi, nikamwambia atembee hadi mwisho wa gati aongee.

Sauti ilitoka nzito, ikitetemesha mbao. Nikamtazama Baba. Injini ilikuwa inanguruma polepole.

"Inasikika?"

"Inasikika vizuri," akasema. Halafu akaongeza, "Anasemaje?"

Siku hiyo sikulitilia maanani swali hilo. Nilijiambia ni besi. Spika ya muziki inapenda sauti za chini, na maneno ya watu hayakai huko. Redio yenyewe hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,000 hivi, kwa hiyo besi yote niliyoilipia haikuwa na la kufanya zaidi ya kuongeza mngurumo juu ya mngurumo wa injini.

Niliiuza kwa hasara, nikatafuta spika ya honi, ile inayofungwa juu ya gari la matangazo na juu ya misikiti. Hiyo ndiyo inayofaa chombo chetu, ingawa haina sura. Haina besi hata kidogo. Mdomo wake mpana unaubana upepo wa sauti na kuurusha mbele, kiasi kwamba wati mbili tatu zinatosha kumwamsha mtu upande wa pili wa mwalo. Niliipima kwa mita ikasoma 6.8, maana yake ni spika ya omu 8. Niliifunga ikitazama chini kidogo ili mvua isikae ndani, nikachomelea maungio kwa risasi, nikayavika mpira. Baba akawasha injini.

Ukatoka mluzi.

Wanaofunga redio kwenye magari wanaujua. Jenereta ya injini inapochaji betri huacha mawimbi madogo kwenye nyaya za umeme, redio inayameza, na spika inayaimba: ukiongeza moto unapanda, ukipunguza unashuka. Kwenye spika ya honi mluzi huo ni sindano. Yule kijana aliziba masikio. Mtu aliyekuwa anaosha sufuria kwenye boti ya jirani alitutukana mama zetu. Mimi nilikuwa nimekunja uso, nakimbilia swichi.

Baba alikuwa amesimama chini ya honi, mkono kwenye usukani, ametulia, akisubiri nimwambie kama tayari.

"Baba, huo mluzi."

"Mluzi gani?"

Nilizima. Nilijifanya natafuta bisibisi kwenye begi kwa muda mrefu.

Mluzi wenyewe una dawa rahisi. Nilitoa umeme wa redio kwenye ubao wa fyuzi uliokuwa ukigawana na taa na pampu, nikaupeleka moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake, nikasokota nyaya za spika pamoja. Ulipungua ukawa kama mbu. Kazi ya saa moja na nusu. Nilikuwa nafanya hivyo huku nikihesabu kichwani hesabu nyingine kabisa.

Chuoni tulifundishwa kwamba kiwango kinachokubaliwa kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu wengi, kila zikiongezeka tatu, muda wa usalama unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, umebakiwa na dakika 15 kwa siku. Niliweka simu juu ya lile sanduku la injini; simu si kipimo cha kuapia, lakini ilicheza juu ya 100 na haikushuka. Baba amekaa hapo saa kumi kwa siku tangu mimi sijazaliwa.

Na masikio yanayoharibiwa na kelele hayapungui kama redio inavyopunguzwa, sauti zote kwa pamoja. Yanaanza kuchoka kwenye sauti za juu, karibu na hezi 4,000, halafu uharibifu unatanuka. Ngoma unaisikia. Injini unaisikia, mtu akikuita kwa nguvu unaisikia. Zinazokutoroka ni s, f, sh, t, zile sauti nyembamba zinazotengenezwa na meno na ncha ya ulimi. Irabu zinabaki. Na lugha yetu imejaa irabu. Mtu anaweza kubaki na irabu peke yake akaendelea kuishi kwa Kiswahili miaka mingi, akibahatisha yaliyobaki kutokana na mdomo wa anayeongea na kwa kuwajua watu wake. Saa, taa, paa, kaa. Redio haina mdomo wa kutazama.

Sita. Tisa. Irabu ni zile zile, i na a, kwa mpangilio ule ule.

Nilichukua madaftari mawili. Nilimwambia Baba kwamba nahitaji kupima redio, jambo ambalo halikuwa uongo kamili. Nikamwomba akae chini ya honi aandike kila tarakimu atakayosikia. Nikaenda mwisho wa gati, nikampa mgongo, nikasoma tarakimu 20 nilizokuwa nimeziandika, moja moja, kwa sauti ya kawaida, kama mdogo wangu anavyoongea.

Niliporudi tuliyaweka madaftari pamoja juu ya sanduku. Nane zote alizipata. Saba alizipata. Tatu, nne, tano, hakuna tatizo. Nilikuwa nimesoma sita mara tano. Mara tatu aliandika 9. Tisa nilisoma mara nne, na mara mbili aliandika 6.

Baba ni mtu wa kusoma polepole. Alipitisha kidole kwenye daftari langu, akakipitisha kwenye lake, akarudia. Kidole chake kina kovu la ndoana. Kilisimama kwenye 6 yangu ya kwanza.

"Kwa hiyo huyu mtoto alisema sita," akasema.

Sikujibu. Alikaa kimya, na kwa kuwa sikujua la kufanya nilianza kukusanya mabaki ya nyaya. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema wakati MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, alikuwa kijana wa kufunga kamba kwenye chombo cha mtu, nao walikuwa miongoni mwa waliosogea kutazama kama kuna wa kuokolewa. Meli ilikuwa imelala tumbo juu. "Walikuwa wanagonga," akasema. "Walio ndani. Tuliwasikia wanagonga." Kilichofuata kila mtu wa Mwanza anakijua: bati lilitobolewa ili watu watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka kwenye tundu, ikazama. Wengi wao wamelazwa pale Igoma. Mimi nilipokuwa kidato cha tatu ilipinduka MV Nyerere, Septemba 20, 2018, ikiwa inakaribia gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Siku zile Baba alikuwa anakaa mbele ya televisheni akiwa ameongeza sauti hadi majirani wanalalamika. Tulidhani ni majonzi.

"Mimi," akasema, "nimewahi kuwasikia watu kupitia bati. Halafu mwanangu ananiita kwenye redio, simsikii."

Niliwahi kusoma kwamba marubani, wanapoongea Kiingereza redioni, hutamka tisa kwa kuiongezea mkia, niner, isije ikachanganywa na tano. Mabaharia nao wana orodha yao ya kimataifa ambamo sita ni soxisix na tisa ni novenine. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa akafikiria jinsi maneno yanavyochakaa njiani. Sijaona aliyetukalia sita na tisa zetu. Nilimweleza Baba haya, zaidi ili kuondoa ukimya. Akauliza hao mabaharia wanalipwa kiasi gani.

Jioni hiyo alikwenda mwenyewe kwa mdogo wangu, kwenye chumba alichopanga Igogo. Sijui walisema nini. Najua alirudi na mfuko wa vitumbua, na kwamba Jumapili mdogo wangu alikuja kula, akakaa kiti chake cha zamani, akalalamika kwamba mchuzi hauna chumvi.

Kwa wakala ilikuwa ngumu zaidi. Mimi nilimwambia Baba anyamaze walau hadi tupate majibu ya hospitali, kwa sababu nahodha asiyesikia ni nahodha asiye na kazi, na mdogo wetu wa mwisho yuko shule ya bweni. Bado sijui kama ulikuwa ushauri wa mtoto mwema au wa mtoto mwoga. Hakuufuata. Alikwenda na daftari lake, akamfungulia wakala ukurasa wenye tarakimu. Wakala ni mtu wa hesabu, alielewa haraka kuliko mimi. Alimwondoa safari za usiku, na pamoja nazo sehemu ya malipo. Gharama ya spika hakuifuta. Mchana Baba anaendelea, kwa sharti kwamba asikae na redio peke yake.

Hospitali walimweka kwenye chumba kidogo kisicho na sauti, wakamvisha vifaa vya kusikilizia, wakachora mstari. Mstari ulitembea vizuri upande wa kushoto wa karatasi, halafu ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Vifaa vya kuvaa masikioni tumeulizia bei. Tunachanga. Kwa sasa, akiwa karibu na injini, anavaa vifuniko vya masikio vya mafundi seremala, vyekundu, na vijana wa mwaloni wanamwita DJ.

Honi bado ipo, inatazama chini. Wiki iliyopita nilipanda nao hadi karibu na lilipo daraja jipya la Kigongo na Busisi, kuangalia maungio kama yameingiwa kutu. Mdogo wangu alikuwa mbele yetu na boti ndogo. Jua lilikuwa linashuka. Redio ilikohoa, sauti yake ikatoka juu ya vichwa vyetu, ikasema anakwenda kuchukua barafu, tukutane mwaloni saa kumi na mbili, na apunguziwe ndoo, anataka sita.

Baba alivua vifuniko, akabonyeza maiki. "Narudia. Kumi na mbili, mwaloni. Ndoo tisa."

Kimya kidogo. Kijana aliyekaa na redio alifungua mdomo, Baba akamwinulia mkono.

"Sita, Baba," ikasema honi. "Tatu na tatu."

"Tatu na tatu," akasema Baba. "Nimepata."